Shajara ya Mradi: Nasaba ya Stephen Hopkins, kutoka Eastham kurudi Hursley

Lengo na mipaka

Mradi huu unathibitisha upya, hati kwa hati, nasaba ya Stephen Hopkins, mmoja wa abiria 102 wa meli ya Mayflower waliofika pwani ya Massachusetts mwishoni mwa 1620. Hatuanzi na yeye. Tunaanza na wajukuu zake wa Eastham, Cape Cod, tunapanda kwa binti yake Constance, kisha kwake mwenyewe, ndipo tuvuke bahari kwenda Hampshire, Uingereza. Nasaba hukwewa kama mnazi, kutoka chini. Anayeanza na babu maarufu na kumtafutia wajukuu amekalia kuti kavu.

Sharti la kila kiungo ni moja: hati inayomtaja mtoto pamoja na mzazi wake. Hati inayomtaja mtoto peke yake, hata tarehe yake ikiwa sahihi kabisa, haiungi kitu.

Jedwali la kazi lina safu nane: jina kama lilivyoandikwa, jina kwa tahajia ya leo, tukio, tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe iliyosomwa upya, hati na ukurasa wake, kinachothibitishwa, na kinachopinga. Safu ya nane ndiyo watu wengi huiacha, na ndiyo iliyotusaidia kuliko nyingine zote.

Wiki ya 1: Snow wa Eastham

Nicholas Snow, mume wa Constance, alifika Plymouth, koloni lililoanzishwa na abiria wa Mayflower, mwaka 1623 kwa meli ya Anne. Mwaka 1644 alikuwa kwenye familia saba zilizotoka Plymouth kwenda Nauset, mji ulioitwa Eastham kuanzia 1651. Alifariki huko Novemba 1676. Wosia wake unataja wana watano: Mark, Joseph, Stephen, John na Jabez, pamoja na mkewe, anayeandikwa Constant.

Mabinti hawamo. Anayeusoma wosia peke yake atafunga kitabu akisema Snow hakuzaa binti, kumbe walikuwapo angalau wanne: Mary aliyeolewa na Thomas Paine, Sarah na William Walker, Elizabeth na Thomas Rogers, Ruth na John Cole. Binti aliyekwisha kuolewa mara nyingi alikuwa amepata fungu lake siku ya harusi, na ardhi iligawiwa wana. Kwa hiyo wosia ukikaa kimya juu ya mtoto, kimya hicho hakithibitishi lolote.

Gavana William Bradford wa Plymouth, katika orodha yake ya abiria na vizazi vyao aliyoiandika 1651, anasema Constance alikuwa na watoto 12, wote hai. Majina tunayoweza kuyafunga kwa hati ni 9. Miti mingi ya ukoo inayozunguka mtandaoni ina majina 12 kamili, na mara nyingi yale matatu ya ziada yamechotwa kwa akina Snow wa miji mingine. Kwenye jedwali letu nafasi tatu ziko tupu na zitabaki tupu.

Tahadhari mbili za wiki hii. Mke wa kwanza wa Mark Snow, aliyemwoa Januari 1654/5 (mkwaju huu unaelezwa Wiki ya 2), ni Anna Cooke binti wa Josiah Cooke wa Eastham. Kwenye Mayflower kulikuwa na Francis Cooke, na wengi wameruka kutoka jina moja hadi jingine. Hakuna hati inayomfanya Josiah kuwa wa nyumba ya Francis, kwa hiyo Anna hahesabiwi mzao wa Mayflower. Thomas Rogers naye ni kinyume chake: baba yake, Joseph Rogers, kweli alikuja na Mayflower akiwa kijana. Wazao wa Elizabeth Snow basi wana mistari miwili, na kila mstari unaandikiwa karatasi yake. Ukiichanganya, uthibitisho wa mmoja utahesabiwa kimakosa kuwa wa mwingine.

Wiki ya 2: Tarehe

Wiki nzima imekwenda hapa, na haikupotea.

Uingereza na makoloni yake walitumia kalenda ya Julius hadi 1752. Mwaka mpya ulianza 25 Machi, si 1 Januari. Karani aliyeandika «30 Januari 1607» alikuwa katika mwezi wa kumi na moja wa mwaka wake. Kwetu sisi hiyo ni Januari 1608. Ndiyo sababu wanahistoria huandika 1607/8. Msomaji aliyewahi kusoma kaburi la kale la Lamu au Unguja atalielewa hili haraka: mwaka 1245 wa Hijria ulianza Julai 1829, ukaishia katikati ya 1830, na anayeuandika 1829 tu bila mwezi anaweza kuwa amekosea mwaka mzima.

Kanuni tuliyoweka: tarehe zote za kati ya 1 Januari na 24 Machi kabla ya 1752 zinaandikwa kwa mkwaju. Siku hatuzibadilishi. Karne ya 17 tofauti ya kalenda mbili ilikuwa siku 10, na mtu akianza kuziongeza, baada ya mwezi mmoja hakumbuki zipi ziliongezwa na zipi bado. Namba za miezi nazo zina mtego: waandishi wa New England mara nyingi waliandika «mwezi wa 1» wakiwa na maana ya Machi. Kwa hiyo «siku ya 9 ya mwezi wa 3» ni Mei.

Kosa linalojirudia zaidi kwenye miti ya wengine: ndoa inaandikwa Februari 1654 na mtoto wa kwanza Novemba 1655. Mkusanyaji anaona pengo la miezi 21 na kubuni mtoto aliyekufa katikati. Ukiandika ndoa 1654/5 pengo ni miezi tisa, na yule mtoto wa kubuniwa anatoweka.

Wiki ya 3 na 4: Mgawanyo wa ng'ombe, 1627

Ndoa ya Nicholas Snow na Constance Hopkins haina hati. Hakuna rejista, hakuna cheti. Uthibitisho wake wa kwanza unatoka kwenye orodha ya mifugo.

Mei 1627 wakazi wa Plymouth waligawana ng'ombe na mbuzi waliokuwa mali ya pamoja. Waligawanywa makundi 12, kila kundi watu 13, jumla watu 156, na kila mtu akatajwa kwa jina, hadi watoto wachanga. Kwa mtafiti wa nasaba hii ni kama sensa, na ni bora kuliko sensa nyingi zilizofuata. Sensa ya kwanza ya Marekani, ya 1790, inataja jina la mkuu wa kaya tu. Kumtaja kila mtu huru kwa jina kulianza 1850.

Kundi la saba ni la Hopkins. Wamo Stephen, mkewe Elizabeth, Giles, Caleb na Deborah, kisha Nicholas Snow na Constance Snow, kisha akina Palmer na Billington. Constance sasa ana jina la mumewe. Kwa hiyo ndoa ilifungwa kabla ya tarehe hiyo, na hivyo ndivyo tunavyoiandika: «kabla ya mwishoni mwa Mei 1627». Hatuandiki «1626» kwa sababu tu mtoto Mark alizaliwa 9 Mei 1628.

Lakini faida kubwa ya orodha hii ni majina yasiyokuwamo. Bradford anasema Hopkins alipanda meli na mke, watoto wawili wa mke wa kwanza (Giles na Constance), na wawili wa mke huyu: Damaris, na Oceanus aliyezaliwa baharini. Mwaka 1627 Oceanus hayumo, Damaris hayumo. Maana yake walikuwa wamekwisha kufariki. Kisha kwenye wosia wa Stephen wa 1644 anatokea tena Damaris, binti ambaye hajaolewa. Huyu ni Damaris wa pili, aliyezaliwa baada ya mgawanyo na kupewa jina la marehemu dada yake. Anayewafanya mtu mmoja anampa Damaris wa pili, aliyeolewa na Jacob Cooke, umri uliozidi kwa miaka kumi, na anamfanya abiria wa Mayflower, jambo ambalo si kweli.

Kumpa mtoto jina la nduguye aliyefariki ilikuwa desturi ya kawaida kwao, kama ilivyo kwa familia nyingi za kwetu. Kila jina linapojirudia ndani ya nyumba moja, kwanza tunatafuta kifo katikati yake, ndipo tuamue kama ni mtu mmoja au wawili.

Wosia wenyewe uliandikwa 6 Juni 1644, ukathibitishwa Agosti mwaka huohuo. Unastahili kusomwa polepole. Giles anapata fahali mkubwa aliyekuwa mikononi mwa Bi Warren. Constance, akitajwa kwa jina kuwa mke wa Nicholas Snow, anapata farasi jike. Mabinti wanne, Deborah, Damaris, Ruth na Elizabeth, wanagawiwa ng'ombe mmoja mmoja kwa majina yao: kuna Motley anayegawanywa nusu kwa nusu baina ya dada wawili, Red Cole, Smykins, na mtamba asiye na mkia. Hopkins anaomba azikwe karibu na mkewe marehemu. Kwa sentensi hiyo tunajua Elizabeth alimtangulia. Stephen mdogo, mtoto wa Giles, anapewa shilingi 20 za ukodi wa yule fahali. Katika mstari mmoja tumefunga vizazi vitatu: babu, mwana na mjukuu. Mtu anayeruka orodha ya mifugo akiiona ni ng'ombe tu, anaruka uthibitisho.

Wiki ya 5: Maneno ya udugu

Kabla ya kuvuka bahari tumesimama kutengeneza orodha ya maneno ya Kiingereza cha karne ya 17 yaliyobadilika maana. Neno ambalo leo ni «mama mkwe» liliweza kuwa mama wa kambo. Neno la «binamu» liliweza kuwa mpwa au mjukuu. «Ndugu» aliweza kuwa shemeji, au muumini mwenzake wa kanisa. Msomaji wa Kiswahili hapa ana msaada wake, maana amezoea kuuliza: ndugu wa tumbo moja, au ndugu kivipi? Swali hilohilo liulizwe kwa kila wosia.

«Mkubwa» na «mdogo» baada ya jina hayakumaanisha baba na mwana. Yalitenganisha watu wawili wenye jina moja mjini, na mkubwa akifa, mdogo alipanda cheo akawa mkubwa. John Snow yuleyule anaweza kuwa mdogo kwenye hati moja na mkubwa kwenye nyingine. Na neno la «familia» lilikuwa na maana ya kaya yote. Edward Doty na Edward Leister wametajwa chini ya Hopkins kwenye orodha ya Bradford. Walikuwa watumishi wake.

Wiki ya 6: Kuvunja dai la Wotton

Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba Hopkins alitoka Wotton-under-Edge, Gloucestershire, na kwamba mke wake wa kwanza aliitwa Constance Dudley. Tumeandika kila sehemu ya dai hili kwenye mstari wake na kuitafutia hati. Jina Stephen Hopkins lipo Wotton, ndiyo. Baada ya hapo hakuna kitu: hakuna Giles, hakuna binti Constance, hakuna mke anayeunganishwa na abiria wa Mayflower.

Ni rahisi kuona dai la namna hii lilivyokua. Jina la mtu linapatikana mahali, tarehe inakaribiana, na binti akiitwa Constance basi mama naye anaonekana lazima aliitwa Constance. Kila hatua inaonekana ndogo.

Jaribio tunalolitumia kwa mgombea yeyote wa namna hii lina sehemu mbili. Kwanza, tafuta kundi la majina. Stephen Hopkins wako wengi; Stephen Hopkins mwenye Constance na Giles, kwa mpangilio unaolingana na umri, ni nadra. Pili, fuatilia mgombea kwenye parokia yake baada ya 1620: ndoa, watoto, kodi, maziko. Mtu aliyebatizwa na kuzikwa parokia moja, na katikati akabatiza watoto hapo kila miaka miwili, hakupanda meli.

Tukumbushe kwamba kosa linaweza kuchongwa hata kwenye jiwe. Kwenye kilima cha makaburi cha Plymouth liliwekwa jiwe la karne ya 19 lililosema John Howland, abiria mwingine wa Mayflower, alioa binti wa John Carver, gavana wa kwanza wa Plymouth. Mwaka 1855 muswada wa Bradford, uliokuwa umepotea, ulitambuliwa kwenye maktaba ya askofu huko Fulham, London. Humo Howland ameoa Elizabeth, binti wa John Tilley. Jiwe au bamba lililowekwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo ni maoni ya waliolichangia fedha.

Wiki ya 7 na 8: Rejista ya Hursley

Hursley ni parokia ya Hampshire, karibu na Winchester. Ubatizo wa watoto wa Hopkins humo ulitangazwa na mtafiti Caleb Johnson mwaka 1998. Kazi yetu ni kusoma maingizo upya, si kunakili matokeo yake.

Maingizo manne yanahusika. Elizabetha, binti wa Stephen Hopkyns, 13 Machi 1604. Constancia, 11 Mei 1606. Egidius, 30 Januari 1607, yaani 1607/8. Na maziko ya Mary mke wa Stephen, 9 Mei 1613.

Hapa ndipo utafutaji wa kompyuta uliposhindwa kwa muda mrefu. Ukiandika Giles Hopkins kwenye kisanduku cha kutafutia, programu inatafuta Giles. Karani wa Hursley aliandika kwa Kilatini, na Giles kwa Kilatini ni Egidius. Herufi hazifanani hata moja mwanzoni. Orodha yetu ya majina ya namna hii sasa ina Jacobus kwa James, Radulphus kwa Ralph, Galfridus kwa Geoffrey, Guilielmus kwa William, Johanna kwa Joan. Jina la ukoo nalo tunalitafuta kwa alama ya kinyota katikati, kwa sababu lipo Hopkyns, Hopkines na Hopkins ndani ya parokia hiyohiyo.

Kusoma mwandiko wenyewe: karne hiyo walitumia mwandiko wa makarani ambao «e» yake imegeuka nyuma, «h» yake ina mguu unaoshuka chini ya mstari, «c» inafanana na «r» ya leo, na «s» ndefu hudhaniwa «f». Herufi za vijiti, yaani i, m, n na u, hufuatana bila kutengana, na vijiti vitano vinaweza kuwa «mu», «um» au «uni». Njia tuliyofuata ni kutengeneza alfabeti ya karani mwenyewe. Tafuta maneno unayoyajua hakika: majina ya miezi, «filia» (binti), «filius» (mwana), «baptizata» (amebatizwa). Kata kila herufi kutoka kwenye picha, ipange kwenye karatasi moja, ndipo uguse jina la ukoo. Kurasa nne au tano zinatosha kupata alfabeti nzima. Karani akibadilika, alfabeti inaanza upya.

Angalia pia kama rejista ni ya asili. Rejista za parokia ziliamriwa 1538, na mwishoni mwa karne hiyo ikaamriwa zinakiliwe kwenye ngozi. Ukiona mwandiko mmoja usiobadilika kutoka miaka ya 1540 hadi 1598, unasoma nakala, na aliyenakili aliruka mistari. Kuanzia wakati huo kila parokia ilipaswa kupeleka nakala ya mwaka kwa askofu. Nakala hizo za askofu mara nyingine zinaokoa ukurasa ulioliwa na unyevu kanisani, na mara nyingine zinapingana na rejista. Zinapopingana tunaandika zote mbili.

Tarehe ya Elizabetha imepata mstari wake kwenye safu ya nane. Machi 13 iko ndani ya zile wiki za mwisho wa mwaka wa kale. Karani akiwa amefuata mwaka wa kawaida wa kanisa, ni 1604/5. Tumeiacha kama ilivyoandikwa, na tafsiri yetu pembeni.

Wiki ya 9: Mke au mjane?

Rejista inasema Mary alikuwa «mke» wa Stephen. Hati ya mirathi yake, iliyoandikwa siku chache baada ya maziko, inamwita «mjane», na inaweka mali chini ya msimamizi wa maskini na mzee wa kanisa wa parokia kwa niaba ya watoto wadogo: Constance, Elizabeth na Giles.

Mtu mwenye haraka angeona mkinzano huu na kuutupa mgombea: Stephen wa Hursley alikufa kabla ya 1613, basi si wa Mayflower. Tumeupima kwa kuangalia wapi baba alikuwa. Mwaka 1609 Stephen Hopkins alipanda meli ya Sea Venture kwenda Virginia. Meli ilivunjika Bermuda mwishoni mwa Julai 1609. Waliookoka wakajenga merikebu mbili ndogo, Deliverance na Patience, wakafika Jamestown Mei 1610. Hopkins alihukumiwa kifo Bermuda kwa kuchochea uasi, akasamehewa. Mwanamke ambaye mumewe yuko ng'ambo ya bahari kwa miaka minne, ambaye hakuna barua wala fedha yake inayoonekana, anaweza kuandikwa mke na kasisi na mjane na karani wa mirathi wiki ileile. Na watoto kuwekwa chini ya msimamizi wa maskini kunaonyesha hapakuwa na baba karibu.

Mpangilio wa miaka unakaa sawa. Watoto watatu hadi Januari 1607/8. Kimya tangu 1609. Mama anafariki 1613. Ndoa ya Stephen Hopkins na Elizabeth Fisher, St Mary, Whitechapel, London, 19 Februari 1617/18. Damaris wa kwanza, kisha Oceanus baharini 1620. Bradford anasema Giles na Constance ni wa «mke wa kwanza», na Hursley inatupa mke huyo, tarehe yake ya kuzikwa, na watoto wote wawili.

Mkubwa wao, Elizabeth, alikuwa hai 1613 na hakupanda Mayflower. Binti Elizabeth wa wosia wa 1644 ni mwingine, aliyezaliwa Plymouth. Tena yaleyale ya Damaris.

Je, Hopkins wa Bermuda ndiye wa Plymouth? Ushahidi mmoja mdogo unatupendeza sana. Novemba 1620, wakati kikundi cha wapelelezi kinatembea Cape Cod, waliona mti mchanga umepindwa, chini yake mbegu za mwaloni zimetawanywa. Hopkins aliwaambia ni mtego wa kulungu. Bradford aliyekuja nyuma alinaswa mguu. Taarifa hiyo ilichapwa London 1622. Mtu aliyetoka Uingereza kwa mara ya kwanza asingeutambua mtego huo kwa urahisi. Machi 1621, Samoset, mwenyeji wa asili wa Amerika, alipoingia Plymouth, alilazwa nyumbani kwa Hopkins. Tumeviandika vyote kama ushahidi wa kuunga mkono, si uthibitisho wa kusimama peke yake.

Wiki ya 10: Upper Clatford

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti unaomtambua Stephen kuwa mtoto wa John Hopkins aliyebatizwa Upper Clatford, Hampshire, 30 Aprili 1581. Tumeliweka kwenye daraja la «uwezekano mkubwa». Kaunti ni ileile, umri unafaa kwa baba aliyeanza kuzaa mwanzoni mwa miaka ya 1600. Lakini hatuna hati inayomtaja Stephen wa Hursley kuwa mwana wa John, na sharti la mradi halibadiliki kwa sababu tumefika karibu na kilele. Kiungo hiki kinachorwa kwa mstari wa vitone.

Wiki ya 11: Vinasaba

Swali hili huulizwa kila mara, kwa hiyo tunaliweka wazi. Kipimo cha kawaida cha vinasaba vya mwili mzima hakithibitishi babu wa 1620. Vizazi 12 nyuma mtu ana nafasi 4,096 za mababu, na wastani wa mchango wa kila mmoja ni asilimia 0.024. Wengi wao hawajaacha hata kipande kinachopimika. Juu ya hilo, Cape Cod walioana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka mia mbili: Snow, Paine, Rogers, Cole, Higgins, Doane. Ukipata mtu mnayelingana, kipande kile kinaweza kuwa kimepita njia tano tofauti.

Vinavyofaa ni vipimo vya mstari mmoja. Kromosomu Y hupita baba kwa mwana, na kwa Hopkins mstari wa kuupima ni wa Giles. Mwana mwingine, Caleb, hana mstari wa kuupima: Bradford anasema alikuwa baharia, akafia Barbados. Vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake, na mabinti tu ndio huviendeleza. Wazao wa Constance kwa mabinti mfululizo, kupitia Mary, Sarah, Elizabeth au Ruth Snow, wanabeba alama ya Mary wa Hursley. Wazao wa Deborah na Damaris wa pili, kwa mabinti vilevile, wanabeba ya Elizabeth Fisher. Makundi haya mawili yakitoa alama tofauti, yanakubaliana na maneno ya Bradford kwamba akina mama walikuwa wawili. Kila mshiriki lazima awe na karatasi za nasaba kabla ya kutoa mate. Matokeo yasiyo na karatasi hayatuambii ni ya nani.

Wiki ya 12: Kushuka kuelekea 1850

Sehemu ngumu kuliko Hursley yenyewe. Kati ya 1700 na 1850 watu wa Cape Cod walihama sana, na hati zao zimepata ajali. Tarehe 22 Oktoba 1827 moto uliunguza jengo la kaunti ya Barnstable, na vitabu 93 kati ya 94 vya hati za ardhi vikateketea. Kwa hiyo njia ya kawaida ya kuunganisha baba na mwana kwa mauzo ya shamba haipo hapa. Vitabu vya mirathi kwa sehemu kubwa vilinusurika, na ndivyo tunavyovipitia sasa, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu faharasa zake zinataja marehemu tu na kuwaacha warithi.

Mipaka ya miji nayo inahama. Wellfleet ilikatwa kutoka Eastham 1763, Orleans 1797. Harwich ilianzishwa 1694 na Brewster ikatoka humo 1803. Familia iliyokaa shamba moja bila kuhama inaweza kuwa na ubatizo Eastham, ndoa Eastham na maziko Orleans. Tunatafuta kwanza mji mama, kisha mtoto. Na familia ikitoweka ghafla karibu 1760, tunafungua rejista za Barrington na Liverpool, Nova Scotia, ambako watu wengi wa Cape Cod walihamia miaka hiyo.

Hali ya jedwali leo: viungo kutoka Stephen hadi watoto tisa wa Constance vimefungwa. Hursley imefungwa. Upper Clatford ni vitone. Wiki ijayo tunaingia kwenye mirathi ya Barnstable, tukianza na wazao wa Jabez Snow.